Barua ya Wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Makabidhiano ya Shule Yapewe Muda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI)

Mwalimu wa serikali nchini Tanzania hustaafu kwa lazima anapotimiza miaka 60, na anaweza kuondoka kwa hiari kuanzia 55. Aliyeajiriwa mwaka 1988 akiwa na miaka 22 anafikia ukomo huo mwaka 2026. Wamo wa rika hilo miongoni mwa walimu wakuu na wakuu wa shule wanaoaga sasa, na kila anayeondoka huacha ofisi ambayo utumishi wa umma haujaipangia urithi wa kutosha.

Rika hilo liliingia kazini wakati matokeo ya Elimu kwa Wote ya mwaka 1977 yakionekana bado: majengo ya nguvu za wananchi, na walimu waliojifunza ualimu huku wakifundisha. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka uliofuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza. Watoto waliopitwa na umri wa kuandikishwa wakaja pamoja na wa miaka 7, wengine wakapangiwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Nani akae chumba kipi, nani aje asubuhi na nani mchana, mwalimu yupi abebe vipindi vya ziada: hayo yaliamuliwa na mwalimu mkuu akiwa na daftari la mahudhurio mkononi. Ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, mwaka 2004 na sekondari za kata, ambazo wakuu wake wa kwanza walifungua milango kabla ya maabara na nyumba za walimu kuwapo. Mwaka 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Mwaka 2021 yakajengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19.

Ujenzi huo unaonyesha vizuri jinsi kazi yenyewe ilivyobadilika. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, shule hununua vifaa na kuajiri fundi yenyewe. Aliyesomea kufundisha Kemia au Kiswahili anajikuta akisimamia kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, akihesabu mifuko ya saruji, akitunza stakabadhi na kujibu hoja za ukaguzi. Hesabu za shule huingizwa katika mfumo wa kielektroniki. Mchana huohuo anatakiwa kupitia maandalio ya masomo ya walimu wake na kuingia darasani, kwa kuwa bado ana vipindi.

Mafunzo ya kazi hiyo yapo. Chuo cha MANTEP kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1979, kikawa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, mwaka 2001, na leo kina kampasi Mwanza na Mbeya pia. Stashahada yake ya uongozi na usimamizi wa elimu inastahili kuwa sharti kabla ya uteuzi. Mwalimu hodari darasani hawi msimamizi hodari kwa barua ya uteuzi peke yake.

Lakini lipo jambo ambalo Bagamoyo haiwezi kulifundisha, nalo ni shule yenyewe. Hati ya makabidhiano huorodhesha madawati, vitabu, funguo, mihuri na salio la benki. Haisemi kwamba mpaka wa eneo la shule upande wa mashambani ulikubaliwa na wazee na haujapimwa. Haisemi ni vitongoji vipi ambavyo watoto wake hukwama ng'ambo ya mto masika, ni mwalimu yupi mgonjwa anayestahili ratiba nyepesi, wala ni binti yupi wa darasa la saba ambaye nyumbani kwao ameanza kutajiwa mume. Mkuu aliyekaa miaka mingi hujua hayo yote, hujua na mzazi gani aitwe kwa barua na gani afuatwe nyumbani. Siku akikabidhi funguo, yote yanaondoka naye. Mrithi wake husaini kupokea hoja za ukaguzi ambazo hakuzitengeneza, na miezi michache baadaye ndiye anayetakiwa kuzijibu.

Hili linazuilika. Tarehe ya kuzaliwa ya mwalimu imo katika jalada lake tangu siku ya ajira, hivyo halmashauri inajua miaka mingi mapema nani ataondoka lini. Kinachokosekana ni agizo la kumleta mrithi shuleni kabla mkuu hajaondoka. Huenda ikadaiwa kwamba shule haiwezi kuwa na wakuu wawili. Haihitaji kuwa nao: mamlaka ya kusaini yabaki kwa anayeondoka hadi siku yake ya mwisho, na mrithi awe mwalimu wa kawaida mwenye vipindi, anayehudhuria vikao vya kamati au bodi na kufuatilia hesabu. Gharama yake kubwa ni kumhamisha mapema, uhamisho ambao ungefanyika hata hivyo.

Haja ya kufanya hivyo ni kubwa zaidi sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi hadi miaka 6 na kufanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Mabadiliko hayo yataelemea vyumba na walimu, na waliopanga madarasa wakati wa MMEM wanajua mengi ya kuwaambia watakaopanga haya.

Tangu mwaka 2009 shule za sekondari nazo ziko chini ya halmashauri, hivyo waraka mmoja wa TAMISEMI unatosha kwa ngazi zote mbili. Mheshimiwa Waziri anaombwa kuutoa, ukiagiza kwamba mrithi wa mkuu anayestaafu ateuliwe na kuripoti shuleni muhula mzima kabla, kwamba hoja za ukaguzi zilizo wazi zijibiwe na wote wawili kabla ya kukabidhiana, na kwamba mstaafu aweze kuitwa kwa ushauri katika mwaka wa kwanza akilipwa nauli yake.