Nani Amewahi Kuona Damu ya Buluu?

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika kwenye daftari kwamba binadamu ana damu za aina mbili, nyekundu na ya buluu. Mwandiko ulikuwa mzuri. Alikuwa amechora mishipa na kuipaka rangi kwa kalamu mbili, tena kwa uangalifu. Nikafungua daftari la pili, la tatu, la kumi. Nilipomaliza kusahihisha, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na damu ya buluu. Wote walikuwa wameiona kwa macho yao siku iliyotangulia, ikitembea ukutani, kwenye video niliyowaonyesha mimi.

Kipindi kile nilikiandaa kwa bidii. Niliazima projekta ofisini kwa mkuu wa shule, nikaazima spika ya kwaya, wanafunzi wa bweni wakaleta shuka tukaziba madirisha. Moyo ulipoanza kudunda ukutani darasa zima lilipiga makofi. Mkuu wa shule alipita, akasimama mlangoni dakika mbili, akaniambia hiyo ndiyo elimu tunayoitaka. Video ilikuwa ya dakika tisa, kwa Kiingereza cha haraka cha Kimarekani. Sikuisimamisha hata mara moja, kwa kuwa niliona kuikatisha ni kuwaharibia raha. Sikuuliza swali hata moja. Nilikwenda nyumbani jioni ile nikiamini kwamba nimefundisha.

Imani niliyokwenda nayo nyumbani ndiyo ninayoipinga hapa, na naipinga kwa nguvu zote kwa sababu imeenea kila mahali: kwenye mikutano ya wazazi, kwenye hotuba za uzinduzi, kwenye bajeti za shule, hata vyuoni tunakowaandaa walimu. Inasema kwamba watoto wa siku hizi ni wa picha. Waonyeshe kitu kinachotembea, chenye sauti na rangi, nao wataelewa. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni kununua vifaa.

Picha haijielezi. Wale wanafunzi hawakuitazama vibaya, waliisoma sawasawa kama ilivyochorwa. Ni desturi ya wachoraji wa vitabu vya sayansi kuipaka buluu damu yenye oksijeni kidogo, ili msomaji asiichanganye na ile iliyotoka mapafuni. Hiyo buluu ni alama ya mchoraji. Damu yenyewe ni nyekundu iliyokoza, basi. Mwenye kujua desturi hiyo anaelewa, na asiyeijua anaona damu ya buluu. Mchoro wa kitabuni una rangi hizohizo na kosa hili lilikuwepo kabla ya projekta, lakini mchoro umelala kwenye karatasi na mtoto anajua kwamba ni mchoro. Kinachotembea, kinachong'aa, chenye mdundo wa moyo nyuma yake, mtoto anakichukua kuwa ni kitu chenyewe. Nilikuwa nimelichukua kosa dogo la kitabuni nikalipa uhai.

Imani hii si ngeni. Mwaka 1913 Thomas Edison aliliambia gazeti moja la Marekani kwamba vitabu vitaondoka shuleni baada ya muda mfupi, filamu itafundisha kila tawi la elimu, na shule zitabadilika kabisa ndani ya miaka kumi. Baada ya filamu ikaja redio, ikaja televisheni, ikaja kompyuta, na kila moja ikapokelewa kwa ahadi ileile. Mwaka 1986 Larry Cuban, mwanahistoria wa elimu wa huko huko Marekani, aliandika kitabu kizima kuhusu mzunguko huu. Alionyesha jinsi matumaini yanavyopanda, kifaa kinavyotumika kidogo, na mwishowe lawama inavyomwangukia mwalimu kwamba ni mkaidi. Miaka karibu arobaini imepita tangu kitabu hicho kitoke na mzunguko bado unazunguka.

Peru, kwa mfano, ilinunua kompyuta mpakato ndogo zaidi ya 800,000 kwa ajili ya wanafunzi wake. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walizilinganisha shule 319, nyingi zikiwa za vijijini, zilizopata kompyuta na zisizopata, wakatoa ripoti mwaka 2012. Watoto waliopewa kompyuta walikuwa wamezizoea, wanajua kuzitumia. Katika hesabu na lugha hawakuwa wamewapita wenzao.

Hapa jirani, Kenya ilisikia ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza katika kampeni za 2013. Baada ya zabuni kukwama mahakamani, ahadi ikageuka kuwa vishikwambi, na kuanzia 2016 zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Sisemi hakuna lililopatikana. Shule nyingi zilivutiwa umeme kwa sababu ya mradi ule, na umeme unabaki hata kishikwambi kikiharibika. Lakini kabla ya hapo utafiti ulikuwa umekwisha kufanyika Kisumu, na majibu yake yalikuwa wazi. Shule zote zilizoshiriki zilipata vitabu, miongozo ya masomo na mafunzo ya walimu. Kisha katika baadhi ya shule wanafunzi wakapewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea, katika nyingine walimu wakapewa vishikwambi, katika nyingine kishikwambi akapewa mshauri wa elimu anayezunguka kuwatembelea walimu. Usomaji ulipanda katika makundi yote matatu. Kundi ambalo kila mtoto alishika kifaa chake halikulishinda kundi ambalo kifaa kilikuwa mkononi mwa mshauri peke yake, ingawa gharama zake zilikuwa kubwa mno ukilinganisha. Wakenya walipoanzisha mpango wa usomaji wa Tusome nchi nzima mwaka 2015 walifuata njia hiyo: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa kila mwalimu, na kishikwambi kwa yule anayeingia darasani, akaketi nyuma, akatazama somo, kisha akazungumza na mwalimu.

Mtu anayezunguka, akatazama, akauliza. Kumbe ndicho kitu ambacho video yangu ya dakika tisa haikuwa nacho, na ambacho watu waliotutangulia, wenye vifaa duni kuliko vyetu, walikijua vizuri.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walisaidia kuanzisha masomo ya hesabu kwa redio huko Nicaragua. Redio ile ilijengwa kwa kimya. Sauti inauliza, "Nne ukijumlisha na tatu?" Kisha inanyamaza. Kwa sekunde chache redio haisemi neno, darasa zima linajibu kwa pamoja, ndipo sauti inatoa jibu na mtoto anajua papo hapo kama amepata au amekosa. Kwa dakika thelathini anaulizwa maswali mengi mno. Watoto wale walifanya vizuri kuliko wenzao wa madarasa ya kawaida. Kenya iliutumia mtindo huohuo kufundisha Kiingereza madarasa ya chini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Zanzibar ikaja kuutumia kwa watoto wadogo katika kipindi cha Tucheze Tujifunze. Redio haina picha hata moja. Ilifundisha kwa sababu aliyeitunga alikumbuka kunyamaza.

Na sisi Watanzania tulikuwa na letu kubwa zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Kulikuwa na kipindi cha redio, kulikuwa na kijitabu chepesi cha Kiswahili, na kulikuwa na makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo kabla. Redio, kitabu, mtu. Huo ulikuwa mfumo wa zana nyingi kwa pamoja miaka mingi kabla hatujajifunza kuuita TEHAMA. Watu walikaa pamoja wakasikiliza, kipindi kilipokwisha redio ikazimwa, na hapo ndipo somo lilipoanza. Sisi hapa tunachota maji wapi? Malaria inatusumbua miezi gani? Nani hana choo, na tumsaidieje? Wakatoka kwenye kikao wakaenda kuchimba. Vyoo vingi sana vilichimbwa mwaka ule katika nchi hii, na havikuchimbwa na redio.

Najua hoja itakayokuja, nimeisikia mara nyingi: walimu hawatoshi, hasa wa sayansi, hasa vijijini, basi tuchukue mwalimu mmoja hodari wa mjini, tumrekodi, tumpeleke kila shule kwa skrini. Katika hoja zote za upande ule hii ndiyo inayoniumiza, kwa sababu inapendekezwa kwa watoto wa watu wengine. Sijawahi kukutana na mzazi mwenye uwezo aliyekubali mtoto wake afundishwe fizikia na televisheni, hakuna mtu darasani. Shule anazozilipia zina skrini na zina walimu. Wa kijijini ndiye anayeambiwa achague. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya corona tulijaribu, kwa kuwa hatukuwa na jinsi, masomo yakarushwa redioni na kwenye runinga. Wazazi waliokaa na watoto wao siku zile wanakumbuka walichokiona: mwalimu anaendelea kusema, na mtoto amekwama tangu mstari wa tatu, hana wa kumwambia "Rudia hapo."

Wala sitaki mtu atoke hapa akidhani nazichukia zana hizi. Nazipenda, nazitumia mpaka leo, na ziko kazi ambazo hakuna kingine kinachoziweza. Mtoto asiyeona anasikiliza kitabu alichokuwa akisubiri asomewe. Kiziwi anafuata somo kwa lugha ya alama. Vali ya moyo ulio hai inafunguka na kujifunga, nawe huwezi kumpasua mtu darasani ili kuionyesha. Ninachodai ni kwamba kila dakika ya video inataka dakika nyingi za mwalimu kabla yake na baada yake, na hizo ndizo tusizozinunua. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilipelekwa kwa walimu, nami nilifurahi. Lakini mwalimu yule yule amebaki na vipindi vyake vilevile, darasa lake la watoto sabini, na rundo la madaftari. Saa ya kukaa, akatazama video nzima, akachagua dakika mbili zinazofaa, akaandika maswali matatu kwenye andalio la somo, aitoe wapi? Anabonyeza na kuiacha iende, kama nilivyofanya mimi. Mdhibiti ubora akifika anauliza kama shule ina projekta, anaandika "ipo". Laiti angeuliza: uliisimamisha wapi, na ulipoisimamisha uliwauliza nini?

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye darasa lile. Asubuhi nilipitia buchani nikanunua moyo wa mbuzi, nikauweka kwenye sinia, nikaupasua kwa wembe. Wakaja mezani watano watano. Waliingiza vidole, wakaona upande wa kushoto una nyama nene kuliko wa kulia, wakabishana kwa nini. Msichana mmoja, ambaye baba yake huchinja siku za sikukuu, akanitazama. "Mwalimu, mbuzi mimi nimemwona akichinjwa mara nyingi. Damu yote ni nyekundu."

Ndipo nikawasha projekta. Nikaiacha video itembee sekunde arobaini, nikaisimamisha pale pale penye buluu, nikawauliza mchoraji alikuwa anataka kutuambia nini. Kimya kikawa kirefu. Niliona shida kuvumilia, mkono ukawa unataka kubonyeza kitufe. Mvulana wa nyuma akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiingereza isingetoka, "Labda alitaka tujue hiyo ni ile inayorudi."

"Mbona inayokwenda mapafuni nayo kaipaka buluu?" akauliza yule msichana. "Hiyo inarudi au inakwenda?"

Darasa likalipuka. Wawili wakaja ubaoni bila kuitwa, wakanyang'anyana chaki, mmoja akafuta mshale wa mwenzake akachora wake. Moyo wa mbuzi ukapita tena mkono kwa mkono, safari hii wakiutafuta mshipa wenyewe. Kengele ilipolia walikuwa bado wanabishana, na video ilikuwa imesimama palepale kwenye sekunde ya arobaini.