Kuwa na Kiberiti Si Kujua Kuchoma Shamba

Ukitoka Eldoret mwezi wa Februari kuelekea Moiben au Ziwa, utaona moshi huku na kule. Mahindi yamevunwa, mvua ya Machi inasubiriwa, na mabua yaliyobaki yanatiwa moto. Muulize mwenye shamba alifundishwa wapi kazi hiyo, naye atalishangaa swali lako. Kuchoma shamba? Nani asiyejua? Imani hiyo, kwamba moto wa shambani hauna somo, ndiyo ninayoipinga. Inatula mali kila kiangazi, na siku upepo ukigeuka inatula nyumba.

Tuanze na mali. Tumeaminishana kwamba moto husafisha na majivu ni mbolea. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, hilo sibishi. Lakini nitrojeni na salfa, sehemu kubwa huondoka na moshi, na majivu yenyewe hupeperushwa na upepo au kusombwa na mvua ya kwanza hadi mtaroni. Tani mbili za mabua makavu hubeba nitrojeni inayokaribia ile iliyomo katika mfuko mmoja wa mbolea ya CAN wa kilo 50. Mkulima aliyeiteketeza Februari ndiye huyo huyo atakayepanga foleni kwenye ghala la bodi ya nafaka, NCPB, kutafuta mbolea ya ruzuku. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu watu wenyewe si wavivu wala si wajinga. Hawajaelezwa tu.

Wapo wanaosema wanaua wadudu. Wako sahihi nusu tu. Bungua hujificha ndani ya bua na moto humfikia, ingawa chafkata na ng'ombe wangeifanya kazi hiyo hiyo na kutuachia maziwa na samadi. Viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017, hawamo katika hesabu hiyo. Wao hugeuka pupa chini ya udongo, sentimita kadhaa, na moto wa mabua hupita juu yao.

Sidai moto upigwe marufuku. Mfugaji mwenye malisho yaliyokomaa na kukauka anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuyachoma, na wafugaji wa nyanda zetu walitumia moto kupata nyasi changa na kupunguza kupe tangu kabla ya kuja kwa mkoloni. Serengeti huchomwa kwa mpango mapema, mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa baadaye ukose cha kula. Katika mbuga ya Kruger, Afrika Kusini, kuna maploti ya majaribio yanayochomwa kwa ratiba tangu mwaka 1954, mengine mwezi huu na mengine ule, ili wataalamu wapime tofauti. Kama watu wazima wenye shahada wamekaa darasani kwa moto miaka yote hiyo, sisi tumetoa wapi kiburi cha kusema tunaujua?

Chukua kipande cha malisho kinachopakana na mikaratusi ya jirani. Anayejua kazi hupitisha trekta kwanza kuzunguka kipande chote, mpaka ubaki mkanda mpana wa udongo mtupu. Halafu hutazama upepo. Hawashi upande unakotoka, huanza upande unakoelekea, ili moto urudi nyuma polepole ukipingana na upepo na kuacha eneo jeusi lisiloweza kuungua tena. Eneo hilo likishapanuka ndipo huwasha upande wa pili. Huwa na watu wenye matawi mabichi, na pampu za mgongoni za lita 20, zile zile za kupulizia dawa ya magugu, zikiwa zimeoshwa vizuri na kujazwa maji. Huangalia maganda makavu ya mikaratusi, maana hayo hushika moto na kurushwa mbali. Huangalia nguzo za stima, ambazo nyingi ni za mbao. Jirani ameshaambiwa tangu jana, na chifu pia. Moto ukizimika haondoki, kwa sababu kisiki na mizizi huweza kuendelea kufuka usiku kucha.

Linganisha na tunavyofanya: kijana wa kibarua, kiberiti, saa saba mchana jua likiwa kali na upepo ukivuma. Na wale wanaopakana na misitu kama Kaptagat na Timboroa wakumbuke kwamba sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila idhini.

Napendekeza somo la moto lianzie kwenye simu ya mkulima. Najua jibu linalokuja: moto haufundishwi kwa simu. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyataja ni maarifa ya kichwani. Kusoma upepo, kupima ukavu wa nyasi, kuandika mpango wa kuchoma, kujua lini uahirishe: haya yote yanaweza kufunzwa kwa video fupi za Kiswahili, Kikalenjin na lugha nyingine zinazosemwa huku, zikatumwa kwenye makundi ya WhatsApp ambayo wakulima wetu tayari wanayatumia kuulizana bei ya mahindi. Jimbo la Florida, Marekani, lina sheria ya kuchoma kwa mpango tangu mwaka 1990. Anayetaka kuidhinishwa kusimamia moto hujifunza, huandika mpango wake, na kazi yake hukaguliwa uwanjani kabla ya kupewa cheti. Afrika Kusini nayo, kwa sheria ya mwaka 1998, inamtaka mwenye ardhi iliyo katika hatari ya moto aandae mkanda wa kuzuia moto mpakani, na inawaruhusu majirani kuunda chama cha kujilinda pamoja. Simu itoe somo, shamba litoe mtihani.

Idara ya kilimo ya Kaunti ya Uasin Gishu ina maafisa, na Chuo Kikuu cha Eldoret kina wanasayansi wa udongo na misitu. Wakae pamoja waandae masomo hayo mavuno yakiwa bado shambani, na kila wadi ipate siku moja ya mazoezi kabla ya Januari. Nawe mkulima, mabua ya msimu huu usiyachome. Yakate ulishe ng'ombe, au uyaache yaoze shambani. Na kama una malisho ambayo ni lazima yachomwe, usiwashe moto kabla hujalima mkanda na kumwambia jirani.