Msiilime Njia ya Ngitili

Berlin, mwishoni mwa Agosti

Ndugu zangu wa Bariadi, na ninyi wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega mtakaosomewa barua hii: korongo weupe wameshaanza safari yao ya kusini, na kwa kuwa baadhi yao hufika hadi Afrika Mashariki, mkiwaona mashambani mwezi Desemba wasalimieni, ni majirani zangu.

Ninaandika kwa sababu ya video ya dakika mbili. Mpwa wangu aliirekodi akiwa juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika simu; kwa hilo nimeshamgombeza. Anatoka kwa bibi yake, anaipita ngitili ya ukoo, yale malisho yaliyotengwa, anateremka mtoni. Mto umekauka, kwa hiyo anashuka na kuisukuma Phoenix yake mchangani, halafu anapanda ng'ambo na kuanza tena kunyonga. Ni njia ileile niliyopita miaka saba kwenda shule. Karibu na ule mkuyu mkubwa anasimama. Mbele yake hakuna njia. Kuna matuta, na miti ya pamba ya msimu huu ambayo bado haijang'olewa. "Mjomba," anasema, "hapa siku hizi tunazungukia kwenye lami." Video inakatika.

Nimeitazama mara nyingi mno kwa mtu mwenye zamu ya alfajiri.

Kazi yangu mnaijua, natunza wazee. Siku nikiwa na mapumziko nakata tiketi yangu na tiketi ya baiskeli (ndiyo, huku baiskeli nayo inakatiwa tiketi), napanda treni ya kaskazini, na baada ya saa moja hivi nashuka mji unaoitwa Fürstenberg. Hapo inapita njia ya baiskeli itokayo Berlin mpaka Copenhagen, Denmark. Pengine ni kipande chembamba cha lami, pengine ni changarawe iliyoshindiliwa. Penye mdomo wa msitu mara nyingi utakuta boriti imelazwa: gari halipiti, wewe unapenya pembeni. Ukishaivuka, kelele zinabaki nyuma. Unasikia kokoto chini ya tairi na cheni yako mwenyewe, na kama hukuitia oili utaaibika mbele ya ndege. Misonobari imepandwa kwa mistari kama wanafunzi wa paredi. Unatoka msituni unakuta ziwa, unaingia tena, unatoka, ziwa jingine. Mbele zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Müritz, iliyoanzishwa mwaka 1990, kilomita za mraba 322 zenye maziwa zaidi ya 100. Palepale Fürstenberg, kando ya maji, ipo Ravensbrück, kambi ambamo Wanazi waliwafunga na kuwaua wanawake. Pale huwa nashuka, nasukuma.

Siku nyingine naanzia Zehdenick. Mwishoni mwa karne ya 19 walianza kuchimba huko udongo wa matofali, yakapakiwa kwenye majahazi, yakaijenga Berlin. Mashimo yakajaa maji. Sasa ni makumi ya maziwa yenye matete pembeni, na njia inapita katikati yake. Nilipoambiwa kwamba maziwa yale yalichimbwa na watu nilicheka peke yangu: kumbe ni malambo! Wamekosekana ng'ombe tu.

Mwezi Juni nilimkuta mzee mmoja wa Kijerumani amesimama kando ya ziwa na baiskeli ya thamani ya ng'ombe kumi, tairi ya nyuma imelala. Kofia, miwani, nguo za kubana, na kompyuta ndogo kwenye usukani ya kumwonyesha miinuko na mapigo ya moyo. Tyubu ya akiba alikuwa nayo, ila aliitoboa mwenyewe katika kuivalisha. Nikamwomba aketi. Nilikuwa na vijiko viwili kwenye mkoba wa chakula. Nikaing'oa tairi kwa mikia ya vijiko, nikaijaza tyubu pumzi, nikaizamisha ziwani na kuizungusha polepole mpaka vipovu vikajionyesha. Nikakausha, nikakwaruza kwa msasa, nikapaka gundi, nikangoja. Wengi huharibu hapo, hawaingoji gundi. Kisha kiraka, na jiwe la kukigongea. Akaniuliza ufundi huo niliusomea wapi. Nikamjibu: Bariadi, chini ya mwarobaini. Akataka nimtajie tena jina la chuo.

Tukanyonga pamoja hadi jioni. Huyo ndiye aliyenieleza kwamba sheria ya misitu ya Ujerumani ya mwaka 1975 inamruhusu kila mtu kuingia msituni kujipumzisha, na baiskeli inaruhusiwa kwenye barabara na njia za humo. Lakini njia ndefu kama ile, alisema, haikujileta. Vibao vilisimamishwa, wenye ardhi waliombwa, changarawe ikamwagwa na kushindiliwa, na kila mwaka kuna fedha ya kuitunza. Nikamtambia kidogo. Nikasema sisi Simiyu njia kama hizo tunazo tele na hatukutoa senti: zilichorwa na kwato za ng'ombe na nyayo za akina mama wafuatao maji. Zinapita msituni, mabondeni, nyingine zinateremka hadi Ziwa Victoria. Akaniuliza, "Na nani anazilinda?"

Nikajifanya nakagua breki.

Hata hivyo, baiskeli si kitu cha kufundishwa na Ulaya, hata kama aliyeunda babu yake wa kwanza, Karl von Drais, alikuwa Mjerumani, tena ofisa misitu, na alikijaribu chombo chake huko Mannheim mwaka 1817. Babu yetu alinunua Raleigh kwa fedha ya pamba katika miaka ya 1950, enzi ambazo Paul Bomani na wenzake walikuwa wakiwaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa kwenye ushirika. Baiskeli ile ilibeba magunia, wagonjwa, madumu ya maji, na siku moja bibi harusi. Sisi watoto tulijifunzia hiyohiyo, mguu mmoja ukipita katikati ya fremu kwa kuwa siti hatukuifikia. Mama yangu aliipeleka mashineni, gunia keriani na mimi juu ya gunia, na hakuna aliyegeuza shingo kumshangaa mwanamke kwenye pedali. Nimekaa Dar es Salaam, nimefika Tanga, huko wanageuza.

Na mnyongaji wa kwetu husoma ardhi kwa matako. Luseni, mchanga wa chini ya vilima vya mawe, hukuzamisha kidogo lakini hauna hila. Ibambasi ni mgumu kama sakafu, hapo unaachia breki. Mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, kiangazi ni zulia lenye nyufa, na mvua ikinyesha nusu saa tu unageuka ugali: unaganda kwenye tairi, unajaa ndani ya madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, na mwenye baiskeli anaibeba begani kama mbuzi. Kwa hiyo njia za wazee wetu hazikupita ovyo. Zilipinda kuukwepa mbuga na kufuata luseni. Anayenyoosha njia kwa kamba na trekta anafuta elimu ambayo hakuna aliyeiandika mahali.

Siisemi vibaya lami. Nakumbuka safari za Mwanza kabla barabara ya Bariadi hadi Lamadi haijawekwa lami, zile kilomita zaidi ya 70 ambazo wakati wa masika tulizihesabu kwa siku. Mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na lami ikaja, nilishangilia na wengine. Ila lami ile haikumkusudia mtoto mwenye Phoenix na dumu la lita 20 nyuma. Basi linakuja, linapiga honi mara moja, na mtoto anatakiwa awe ameshaingia shimoni kabla ya honi ya pili. Tunapomwambia azungukie lami tunamwambia hivyo.

Mtasema mambo ya kulinda njia ni ya wenye fedha. Basi tukumbuke ngitili. Wakati Maswa, Meatu na Bariadi zikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, miti ilikwisha, kuanzia ile iliyofyekwa enzi za mkoloni kufukuza mbung'o hadi iliyoangushwa kupisha pamba. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ngitili zilizohesabiwa katika mkoa mzima zilikuwa hekta 600 na ushei. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kilichofanyika kikubwa si kupanda miti. Watu walikubaliana wapi mifugo isiingie na lini iingie, sungusungu na wazee wakasimamia, visiki vikachipua vyenyewe. Njia inahitaji kidogo kuliko hicho.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano mkuu wa kijiji kama mahali pa kuamua ardhi ipi ni ya jumuiya, ipi ya watu binafsi, ipi ya akiba. Njia ya upana wa mikokoteni miwili ikiandikwa kuwa ya jumuiya, na sheria ndogo ikataja faini ya anayeilima, basi. Hakuna mfadhili hapo, wala semina yenye posho. Magari hayatafika, na hiyo ndiyo faida yake.

Najua mmoja wenu ameshaanza kuwaza watalii, kwa kuwa lango la Ndabaka la Serengeti liko hapohapo Lamadi na wazungu wenye baiskeli za tairi pana wanapenda vumbi kuliko sisi tunavyolikimbia. Wakija, karibu. Lakini tusiwapeleke, wala tusiende wenyewe, upande unaopakana na Pori la Akiba la Maswa. Tembo hajui kengele ya baiskeli. Gamboshi, kile kijiji chenye sifa ya uchawi, waende kwa hiari yao. Watanzania wengi wanaamini huko kunafikika kwa ungo usiku. Mimi nimekwenda mchana kwa Phoenix, nikapata pancha, nikazibiwa, nikapewa maji ya kunywa, nikarudi.

Mwaka kesho mwezi Julai, pamba ikishauzwa na mbuga ikiwa imekauka, nakusudia kutoka Bariadi hadi ziwani bila kukanyaga lami ila kwa kuivuka. Nipitie nyuma ya Dutwa, nizunguke vilima vya Ngasamo, niteremke Busega mpaka nione maji. Siku mbili zinatosha, tatu kama shangazi wa huko ataninyima ruhusa ya kuondoka bila kula. Anayetaka kufuatana nami aanze kukaza spoku.

Limebaki moja, na nimelizunguka barua nzima kama mpwa wangu anavyolizunguka shamba lile. Shamba lililomeza njia ni letu. Anayelilima ni kaka yangu, na fedha ya kukodi trekta niliituma mimi, nikaambiwa safari hii ekari zimeongezeka, nikafurahi bila kuuliza zimeongezeka kuelekea wapi. Kwa hiyo sina mwenyekiti wa kumlalamikia wala jirani wa kumshitaki.

Kaka, fedha ya msimu ujao nimeituma jana, iko kwenye simu yako. Mvua za Oktoba hazijafika. Mwambie dereva akifika kwenye mkuyu ageuze.