Asiyejua Jina la Kipuri Huchaguliwa: Kompyuta ya Kwanza Kitui na Makueni

Kwa miaka mingi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nchini Kenya wamevutana kuhusu jina la mashine moja. Wapo wanaosema kompyuta, wapo wanaoshikilia tarakilishi, na wapo waliopendekeza ngamizi. Mvutano huo haukuwa wa bure, kwa maana umedhihirisha kwamba lugha hii ina uwezo wa kujiundia istilahi. Hata hivyo, jambo moja limesahaulika. Mashine hiyo inayogombaniwa jina ina tumbo, na ndani ya tumbo hilo mna vipuri ambavyo hakuna anayevigombania. Vipuri hivyo ndivyo vinavyonunuliwa kwa pesa za ndengu zilizovunwa Kitui na maembe yaliyouzwa Makueni. Makala haya yanashikilia kwamba mnunuzi asiyeweza kukitaja kipuri na kueleza kazi yake kwa lugha anayoielewa hachagui chochote. Muuzaji ndiye anayemchagulia. Aidha, wajibu wa kuliondoa tatizo hilo uko mikononi mwa wanaosoma Kiswahili, wala si mikononi mwa mafundi peke yao.

Tuchukue hali ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopo Kwa Vonza katika Kaunti ya Kitui, ambacho kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mzazi wake ameuza magunia ya ndengu na kumkabidhi fedha za kununua kompyuta. Fedha hizo hazitoshi kununua kipakatalishi kipya cha maana. Zinatosha, hata hivyo, kuanzisha kompyuta ya mezani ambayo ataiunda mwenyewe, kipuri kwa kipuri, na kuiongezea nguvu msimu baada ya msimu. Haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ndiyo fadhila kuu ya kompyuta ya kuunda: kipuri kimoja kikifa, hazikwi mashine nzima. Lakini vipuri vingi haviuzwi karibu naye. Itambidi asafiri hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini Kitui, aingie katika maduka ya Luthuli Avenue na barabara zilizo karibu. Akikosea, nauli ya kurudisha kipuri itakula sehemu ya akiba yake. Kwa hivyo, uchaguzi wake hauna budi kukamilika kabla hajapanda matatu.

Hatua ya kwanza ya uchaguzi si kipuri bali ni kazi. Mwanafunzi wa Kiswahili huandika insha na tasnifu, husoma makala katika mtandao, huhifadhi sauti za mahojiano aliyofanya na wazee nyanjani, na pengine hutazama tamthilia zilizorekodiwa. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji kadi ya michoro ya bei ya ng'ombe. Anayemwambia kwamba kompyuta bila kadi hiyo si kompyuta anamvisha kilemba cha ukoka.

Hatua ya pili ni umeme, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mnunuzi wa kwanza huanza na kichakataji, kwa kuwa ndicho kinachosifiwa katika matangazo, na humalizia na kisambaza umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, kwa zile shilingi zilizobaki mfukoni. Katika Kitui na Makueni mpangilio huo unapaswa kupinduliwa. Umeme hukatika bila taarifa, na unaporudi huweza kuja kwa kishindo. Kisambaza umeme duni kikilipuka huweza kuua ubao mama, diski na kila kilichounganishwa nacho. Kompyuta ya kazi za ofisi isiyo na kadi ya michoro kwa kawaida haitumii hata wati 200, kwa hiyo kisambaza umeme halisi cha wati 400 au 450 kinatosha na kubaki. Si lazima kukimbilia kile kilichoandikwa wati 800 kwa bei ya kutupa. Maandishi hayo huwa ni wino tu. Alama ya 80 Plus, iliyoanzishwa mwaka 2004, huonyesha kwamba kifaa hakipotezi umeme mwingi kwa kuugeuza kuwa joto. Haithibitishi usalama wote, lakini ni afadhali kuliko kifaa kisicho na jina wala alama. Juu ya hayo, betri ya akiba, yaani yupiesi, hata ndogo, humpa mwandishi dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuizima mashine kwa utaratibu. Aliyewahi kupoteza sura nzima ya tasnifu haambiwi thamani ya dakika hizo.

Kipuri cha tatu ni kichakataji. Hiki ndicho kinachofanya hesabu zote za mashine, na bei yake huweza kupumbaza. Kuna mtego mmoja ambao umewanasa wanunuzi wengi wa mara ya kwanza, nao umejificha ndani ya herufi moja. Kichakataji cha Intel Core i3-12100 kina uwezo wa kuonyesha picha kwenye kiwambo bila msaada wa kadi nyingine. Ndugu yake, Core i3-12100F, hana uwezo huo. Tofauti katika jina ni herufi F, na kwa kawaida chenye herufi hiyo huuzwa kwa bei nafuu kidogo. Mwanafunzi akivutwa na unafuu huo, atafika nyumbani, ataunganisha kila kitu sawasawa, na kiwambo kitabaki cheusi kama usiku wa manane. Kwa upande wa AMD hali ni kinyume: katika familia ya Ryzen 5000, herufi G, kama ilivyo katika Ryzen 5 5600G, ndiyo inayoashiria kwamba uwezo wa picha umo, ilhali Ryzen 5 5500 haina. Wanaisimu watalitambua jambo hili mara moja. Hicho ni kiambishi tamati, na kama viambishi vyote, hubadilisha maana ya neno zima. Mtu aliyefunzwa kuchanganua viambishi vya kitenzi hana sababu ya kushindwa na F na G.

Kipuri cha nne ni ubao mama, ambao juu yake vipuri vingine vyote hupandikwa. Kanuni yake inafanana na ya upatanisho wa kisarufi: ngeli ya nomino huamua viambishi vya maneno mengine. Ubao wenye soketi ya AM4 hupokea vichakataji vya AMD vya familia hiyo tu. Ubao wa LGA1700 hupokea vya Intel kuanzia kizazi cha 12 hadi cha 14. Ukichanganya, sentensi inavunjika. Ni vivyo hivyo kwa kumbukumbu. Ile ya aina ya DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5, kwa kuwa pengo lililokatwa ukingoni mwake liko mahali tofauti. Mbao za Intel za kizazi cha 12 zipo za aina zote mbili, hivyo haitoshi kujua kichakataji. Ni lazima jina kamili la ubao lisomwe.

Kuhusu kiasi cha kumbukumbu, gigabaiti 8 zinatosha kuanzia, na 16 ni raha. Kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda sana duniani, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde, ni busara kununua kipande kimoja cha gigabaiti 8 na kuacha nafasi ya pili wazi hadi mavuno mengine. Kipande cha pili kikiongezwa, mashine itapata wepesi zaidi, hasa ile inayotegemea picha za kichakataji, kwa sababu vipande viwili hufanya kazi sambamba. Kwa upande wa hifadhi, diski ya SSD isiyo na sehemu zinazozunguka ndiyo itakayoleta tofauti inayoonekana kwa macho. SSD ya gigabaiti 250 hivi humfaa mwanafunzi kuliko diski ya kuzunguka yenye nafasi mara nne ya hiyo, kwani maandishi hayachukui nafasi kubwa. La kuangalia ni kama nafasi iliyopo kwenye ubao ni ya NVMe au ya SATA, maana kuna nafasi zinazopokea aina moja tu ilhali vipuri vyenyewe hufanana kwa umbo.

Mwisho ni kasha. Kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza: makasha yenye taa za rangi saba na uso wa kioo ndiyo yanayowekwa mbele ya duka. Kwa anayeishi Mutomo au Kibwezi, ambako joto na vumbi ni majirani wa kila siku, taa hazina faida. Kinachohitajika ni uso wenye matundu ya kupitisha hewa, wavu wa kuzuia vumbi unaoweza kutolewa na kusafishwa, na feni mbili zinazofanya kazi.

Wapo watakaouliza: mbona ajisumbue hivyo ilhali kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo zinauzwa kwa bei nafuu? Swali hilo ni la haki, na makala haya hayadharau mitumba. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limefikisha kompyuta zilizokarabatiwa katika shule nyingi, na waliojifunzia kwazo hawakupungukiwa na kitu. Kwa mwenye fedha kidogo kabisa, huenda hilo ndilo chaguo bora. Lakini hata hapo ujuzi wa vipuri unahitajika. Mosi, nyingi za mashine hizo, hasa za Dell na HP, zina ubao mama na kisambaza umeme vya umbo la kampuni yenyewe, hivyo kuvibadilisha kwa vya kawaida huwa taabu. Pili, Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali vichakataji vingi vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8. Muuzaji anayesifu mashine ya kizazi cha 6 bila kulitaja hilo anauza mbuzi ndani ya gunia. Mnunuzi anayelijua anaweza kuinunua kwa bei inayostahili na kuweka Linux, ambayo hailipiwi.

Hapa ndipo suala la lugha linaporudi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa hiyo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni dhahiri kwamba habari isiyoeleweka si habari. Ni kweli kwamba hatua zimepigwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikatafsiri programu zake. Lakini juhudi hizo ziliishia usoni pa kiwambo. Zilitafsiri menyu, hazikushuka hadi kaunta ya duka.

Wapo pia wanaosema kwamba mafundi wana msamiati wao wa Kiingereza na Sheng, na kwamba kulazimisha istilahi ni kazi bure. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Hakuna anayedai kwamba mwanafunzi aingie Luthuli Avenue akiitisha kichakataji kwa lafudhi ya kamusi. Kinachodaiwa ni kwamba aelewe kitu kabla ya kukilipia, na kuelewa huko huanza kwa maelezo yaliyoandikwa katika lugha anayoimudu. Lugha hii haikuzaliwa maktabani. Misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi pwani, na mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alipofika Kitui alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara hiyo. Kiswahili kimezoea kupima bidhaa na kupatana bei tangu zamani. Kuitenga kaunta ya vipuri na lugha hiyo ni kuipunguzia kazi yake ya asili.

Isitoshe, Makueni yenyewe ndiyo yenye ardhi ya Konza, ambako Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia. Itakuwa ajabu iwapo kijana wa Wote au Emali atauona mji huo kwa mbali, ilhali hajui kwa nini kompyuta yake iliungua umeme uliporudi.

Pendekezo la makala haya ni dogo na linawezekana. Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kitoe ukurasa mmoja kila mwaka, ukitaja vipuri vya kompyuta kwa Kiswahili, jina ambalo muuzaji hulitumia, kazi ya kila kimoja, na swali moja la kuuliza kabla ya kulipa. Ukurasa huo uandikwe pamoja na wanafunzi wa idara za kompyuta, usahihishwe na wahadhiri, ubandikwe Kwa Vonza, upelekwe katika shule za upili za Mwingi na Makindu, na ubadilishwe kadiri vipuri vinavyobadilika. Mjadala wa kompyuta na tarakilishi unaweza kuendelea, hautamdhuru mtu. Lakini mzazi aliyeuza ndengu zake hawezi kusubiri umalizike.