Mwanafunzi Mpya wa Kolwezi: Akiumia, Nani Atawajibika?

Mvua za kwanza zinapoanza kulaza vumbi jekundu la Lualaba, vyuo hufungua mwaka wa masomo, na vijana waliofaulu mtihani wa Dola huingia chuoni na diploma mkononi. Hapo hapo wanapewa jina ambalo hawakuliomba: ‘bleu’. Aliyewatangulia ni ‘poil’. Njia ya kutoka hali moja kwenda nyingine inaitwa ‘bleusaille’, na kilele chake ni ubatizo.

Anayeijua desturi hii hahitaji maelezo mengi. Kijana ananyolewa kichwa, anavaa shati ndani-nje, anachuchumaa mstarini na kuimba nyimbo za kujidhalilisha. Akiulizwa yeye ni nani, hajibu kwa jina alilopewa na baba yake, bali kwa jina la kejeli alilobandikwa asubuhi ile. Poil naye hajulikani kwa jina lake halisi. Ana jina la kambi tu. Jambo hilo tuliweke akilini, maana ndilo kiini cha makala hii.

Swali ni hili: desturi hii iachwe, ipigwe marufuku, au itengenezwe upya?

Kwanza, tusidanganyane kuhusu asili yake. Bleusaille haikutoka kwa babu zetu. Ilikuja na Wabelgiji walipofungua Lovanium mjini Léopoldville mwaka 1954, kisha Chuo Kikuu Rasmi mjini Élisabethville miaka miwili baadaye. Vyuo hivyo viliunganishwa kuwa UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, mwaka 1971, vikatenganishwa mwaka 1981, na desturi ikapita salama katika mageuzi yote hayo. Chuo Kikuu cha Kolwezi kilianza kama tawi la Lubumbashi kabla ya kusimama chenyewe, kwa hiyo kilirithi mengi kutoka Kasapa, kambi ya chuo cha Lubumbashi, mazuri na mabaya.

Hata hivyo, wanaoitetea wana hoja nzito. Katika mji huu mwanafunzi mpya anapokelewa kwa milango miwili. Mmoja ni bleusaille ya kitivo. Mwingine ni mutuelle, yaani chama cha watu wa jimbo au kabila moja. Mutuelle humtafutia mgeni chumba na kumsaidia kuzika akifiwa, lakini pia humfundisha mapema nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu. Katanga inajua gharama ya somo hilo. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kambi ya Kasapa. Mwaka 1992 na 1993, familia za Wakasai zilirundikana katika stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni ya kufukuzwa. Mbele ya historia hiyo, anayesema kwamba bleusaille inamchuchumaza Mlunda, Mluba, Msanga na Mchokwe katika mstari mmoja, mtoto wa injinia wa mgodi karibu na mtoto wa mchimbaji wa Kasulo, hasemi upuuzi.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya tumbo. Mgeni hajui mlango wa apparitorat, yaani ofisi ya usajili wa wanafunzi, hajui matokeo yanabandikwa kwenye valve ipi, wala syllabus ya profesa inauzwa na nani. Chuo hakimwambii, poil ndiye anayemwambia. Anajua vilevile kwamba, akihitimu, kazi mgodini mara nyingi hupatikana kwa mtu anayemjua mtu. Kwa hiyo anavumilia siku chache za dharau ili anunue kaka na dada wa miaka mingi. Na ndiyo maana marufuku peke yake haitoshi. Ufaransa ilitunga sheria ya kukataza mateso ya aina hii mwaka 1998, na inamwadhibu mtendaji hata kama mteswaji alikubali. Sheria hiyo ni nzuri, lakini haimwonyeshi mtu ofisi wala haimtafutii chumba.

Husikika pia hoja ya mila: eti kila jamii ina jando lake. Basi tulitazame jando lenyewe. Katika mukanda wa Wachokwe na Walunda wa nchi hii, kijana haachwi mikononi mwa kundi. Ana mlezi wake, chilombola, anayemlisha, anayeuguza kidonda chake, na anayejulikana kwa jina na wazazi wa mtoto. Mukanda una maumivu, hilo halifichwi, lakini una mtu wa kujibu maswali. Bleusaille imechukua maumivu ikamwacha mlezi. Anayeitetea kwa jina la mila anaitetea kwa kitu ambacho haina.

Matokeo ya ukosefu huo tumeyaona huko huko Ubelgiji, desturi ilikotoka. Desemba 2018, Sanda Dia, mwanafunzi wa uhandisi mwenye miaka 20 katika chuo cha Leuven, alikuwa akiingizwa katika chama cha Reuzegom, kilichojaa vijana wa familia za wenye uwezo. Aliwekwa katika shimo la maji ya baridi kali na kunyweshwa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi. Alikufa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Antwerp iliwatia hatiani vijana 18 na kuwapa kazi za jamii pamoja na faini ya yuro 400 kila mmoja. Wanafunzi wale nao walijificha nyuma ya majina ya utani. Palipo na wengi wasio na majina, kila mmoja hungoja mwenzake aseme basi.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba mapokezi yabaki na mateso yaondoke, na chombo cha kuyatenganisha ni jina la mtu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apangiwe mlezi mmoja kutoka miaka ya juu, asiye wa jimbo lake, na jina lake liandikwe apparitorat na wazazi wapewe nakala. Atakayekataa ubatizo asipoteze mlezi wala noti za masomo. Atakayempiga mwenzake apelekwe mahakamani, kwani Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1940 haikuwahi kuwasamehe mapoil.

Migodi nayo ina sehemu yake. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inaitaka kila kampuni itoe walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fungu hilo likijenga hata mabweni machache ya wanafunzi, na nafasi za kazi zikitangazwa hadharani, kijana hatakuwa na sababu ya kununua udugu kwa magoti yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakuu wa vyuo vya Kolwezi waanze na orodha ya walezi mwaka huu huu. Haihitaji bajeti, wala kibali kutoka Kinshasa. Nanyi wazazi, mtakapolipa ada ya mtoto, msiondoke kaunta kabla ya kuuliza: mlezi wake ni nani?