Ha ya Doha

Hapa Doha joto limeanza kupungua na watu wamerudi kutembea Corniche jioni.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayejiandaa kuja huku kufanya kazi ya uuguzi aliniuliza: "Dada, Kiarabu kitanisumbua kweli? Si maneno mengi tunayo tayari kwenye Kiswahili?" Nilicheka, maana na mimi nilikuja na imani hiyohiyo. Nilikuwa na diploma ya nyumbani na shahada niliyoisomea Uingereza, na kichwani nilikuwa na kitabu, kalamu, dawa, tabibu, hali, habari, saa na elimu. Nikajiambia Kiarabu ni Kiswahili kilichokwaruzwa kidogo kooni. Nitakwaruza, mambo yataenda.

Sikujua kwamba hata jina la mji ninaokwenda kuishi sikuwa naliweza. Ile h ya Doha si h ya "hapa" wala "huko". Ni ح, sauti ambayo Kiswahili hakina. Na Qatar yenyewe ina ق mwanzoni na ط katikati, zote mbili ngeni kwetu. Wenyeji wakilitaja jina la nchi yao, linasikika zaidi kama "Gitar".

Tatizo letu si kwamba hatuna maneno. Tunayo, lakini tumeyapanga watu watatu kwenye chumba kimoja. Chukua h. Hewa, hali na habari kwetu zina h ileile. Kwa Mwarabu ni herufi tatu: ya hewa ni ه, nyepesi kama yetu, ya hali ni ح, ya habari ni خ, ile kha ambayo wazee wa pwani bado wanaitoa wakisema "kheri". Chukua dh. Dhahabu, dhaifu na dhahiri, hizo nazo ni herufi tatu: ذ, ض na ظ. Siri na sahani hazina s moja. Tarehe na tabibu hazina t moja. Kitabu na kalamu hazina k moja. Na ile ع iliyokuwa kwenye elimu, saa, Ali na arusi tumeiacha njiani kabisa, ikabaki irabu tu.

Sioni kwamba Kiswahili kiliharibu maneno. Kila lugha inapopokea mgeni humvika nguo za nyumbani. Waarabu nao hawana p, ndiyo maana mtu atakuuliza "barking" iko wapi, naye anatafuta mahali pa kuegesha gari. Mwambie aseme "ng'ombe", uone jasho linavyomtoka. Lakini mgonjwa kitandani hajali historia ya maneno. Anataka aeleweke.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nilishagundua kwamba Waarabu wana kha, basi nikawa naitia kila mahali penye h, kama mpishi aliyegundua pilipili. Asubuhi moja nikamsalimia mzee mmoja kwa furaha: "Keif khalak?" Nilitaka kusema "hali yako vipi", yenye ح. Nilichosema ni "mjomba wako yuko vipi", kwa sababu khal ni mjomba, ndugu wa mama. Mzee akanitazama, akanijibu kwa Kiingereza bila hata kutabasamu: "Mjomba wangu alishafariki. Mgonjwa ni mimi." Baadaye nikaambiwa kwamba nilivyokuwa nikiuliza habari za homa, harara yenye ح, kwa ile kha yangu, neno lilikuwa linakaribia tusi la chooni. Hilo sitaliandika hapa, maana gazeti hili linasomwa na watoto.

Kosa la pili halikuwa la kuchekesha.

Ilikuwa zamu ya usiku, miezi ya mwanzo kabisa. (Mambo madogomadogo nimeyabadilisha ili mhusika asijulikane.) Bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu alikuwa amelazwa kwa tatizo la mguu. Alikuwa mpole, mwenye maneno matamu. Huku akina mama wakikupenda wanakuita "galbi", yaani moyo wangu. Nilishazoea kuitwa hivyo, na nilikuwa nalifurahia. Usiku ule nilipopita akaniambia "galbi", mkono wake ukiwa kifuani. Mkono kifuani kwa watu wa hapa ni ishara ya shukrani. Nikatabasamu, na mimi nikaweka mkono kifuani, nikamrudishia: "Na wewe pia, galbi." Nikamrekebishia mto, nikaenda kitanda cha pili.

Akalirudia. Aliyesikia ni muuguzi mwenzangu kutoka Kerala, India, aliyekuwa amekaa nchi hii miaka mingi kuliko umri wa kazi yangu. Aliacha alichokuwa anafanya, akaja mbio. Bibi hakuwa ananiita mpenzi. Alikuwa ananiambia moyo wake una shida. Tulipomshika mapigo yalikuwa yanakwenda ovyo, na mashine ya kupima umeme wa moyo ikathibitisha. Daktari akaitwa, akatibiwa, na baada ya siku kadhaa akarudi nyumbani kwake salama. Dakika nilizopoteza hazikuzidi tano. Bado nazikumbuka.

Kilichoniuma ni kwamba neno la moyo nilikuwa nimejifunza. Kwenye programu ya simu nililisoma "qalb", nikakesha nikifanya mazoezi ya ق, maana nilishaonywa kwamba ukilisema kwa k ya kawaida unakuwa umesema "kalb", mbwa. Niliogopa sana kumwambia mtu kwamba nitampima mbwa wake. Lakini kwa lahaja ya Qatar ق mara nyingi hutamkwa g, kwa hiyo moyo ni "galb". Na k nayo kwa baadhi ya maneno hugeuka ch, kwa hiyo mbwa ni "chalb". Hofu yangu yote ilikuwa ya kitabuni. Mdomo niliufundisha sauti ambayo masikio yangu hayangeisikia kitandani.

Asubuhi ile nilimsimulia mwenzangu ninayeishi naye, dada wa Pemba aliyesoma chuoni tangu akiwa mdogo. Nilitarajia anicheke. Akasema, "Shoga, hata mimi nilipofika nilidhani nimepotea njia. Kila herufi naijua inatoka wapi, na watu wenyewe siwaelewi." Kwa hiyo tulikuwa wawili. Yeye alikuwa na ulimi bila masikio ya lahaja. Mimi, mtoto wa Morogoro niliyekua nikisema "zahabu" na "zambi" mpaka mwalimu wa Kiswahili akachoka, sikuwa na kimoja. Tukakubaliana: herufi moja kwa wiki, na kusikiliza kabla ya kutamka.

Haya ndiyo aliyonifundisha, nami nimeyaongezea ya kiuguzi.

ح ni pumzi. Fanya kama unapulizia miwani ili uifute. Koo linajibana katikati, lakini hakuna mkwaruzo. Ukisikia mkwaruzo, umeshafika kwenye خ.

ع ni ndugu ya ح mwenye sauti. Sema "aaa" kama unavyoambiwa na daktari anayekuangalia koo, kisha katikati ya hiyo "aaa" libane koo kidogo, kama mtu aliyebebeshwa mzigo ghafla. Usiitie pasipohusika: "alam" bila ع ni maumivu, yenye ع ni bendera. Nimewahi kumuuliza mtu kama ana bendera mgongoni.

غ ni maji ya kusukutua kooni. Wanaosema "ghali" vizuri tayari wanayo.

ق ni k iliyorudi nyuma kabisa, karibu na kimeo. Ijue kwa ajili ya redio, misikiti na vitabu. Mtaani jiandae kusikia g.

ص, ط, ض na ظ zilinitesa zaidi. Ncha ya ulimi inakaa karibu palepale pa s, t na wenzao, ila nyuma ya ulimi inapanda na katikati panabonyea kama kijiko. Siri aliyonipa dada wa Pemba ni hii: usiihangaikie herufi, sikiliza irabu inayoifuata. Baada ya ط ile a inakuwa nzito, inaelekea o. Baada ya ت inabaki nyepesi. Masikio yakishashika tofauti ya irabu, ulimi unafuata. Na kuna nafuu: huku Ghuba watu wengi hutamka ض na ظ kwa namna moja, kwa hiyo una herufi moja pungufu ya kuhangaikia.

Mtihani wangu ulikuwa neno moja, la presha. Kwa Kiarabu presha ya damu ni "daght": ض, غ na ط, na irabu moja tu katikati. Nililisema jikoni, bafuni, kwenye lifti. Majirani Wanepali walidhani ninaumwa.

Darasa langu lingine ni metro, iliyofunguliwa mwaka 2019. Vituo hutangazwa kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Panda Mstari Mwekundu pale Msheireb kuelekea uwanja wa ndege, usikilize: Al Doha Al Jadeda, ndiyo ile ح. Umm Ghuwailina, غ. Al Matar Al Qadeem, ط na ق. Oqba Ibn Nafie, ع mwanzo na ع mwisho. Vituo vinne, karibu herufi zote ngumu, kwa nauli ya riyali mbili. Nilikuwa nazirudia chini ya barakoa, mtu asione midomo.

Kama unaona haya kwamba unahangaika na koo lako ukubwani, jua kwamba wenye lugha yenyewe walilichukulia jambo hili kwa uzito. Katika karne ya 8, huko Basra, mwanazuoni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye kabila lake asili yake ni Oman, alitunga kamusi. Hakuipanga kwa alifu, be, te. Aliipanga kwa mahali sauti inapotoka, akianzia ndani ya koo mpaka midomoni. Herufi aliyoanza nayo ni ع, na kamusi ikaitwa Kitab al-Ayn. Kwa hiyo koo lina ramani tangu zamani, na sisi wauguzi ramani za mwili hazitutishi.

Kwa wazazi: watoto wetu huku wanafundishwa Kiarabu shuleni, na ndimi zao ni laini. Mwanangu wa miaka saba alinisahihisha mezani: "Mama, si Doha. Ni Doha." Mimi nilisikia neno lilelile mara mbili. Akalirudia, akanipulizia mkononi ili niisikie ile pumzi. Nilitaka kumwambia aache kumfundisha mama yake, nikajizuia. Mtoto akiwa mwalimu wa jambo moja nyumbani, anakubali zaidi kuwa mwanafunzi wa jingine. Tumepatana: yeye ananifundisha ح, mimi namfundisha ng' na gh, kwa sababu ameanza kusema "ngombe" kama mtalii.

Na kwa yule kijana aliyeniuliza: jifunze, lakini usijidanganye. Kutamka vizuri si leseni ya kutafsiri. Mgonjwa anapoelezwa upasuaji au dozi, au anapotakiwa kusaini, omba mkalimani, hata kama umejaa majivuno ya "daght" yako. Nimeona jinsi ulimi mzuri unavyoweza kumdanganya mgonjwa: akikusikia unatamka kama mwenyeji, anaanza kuongea kwa kasi ya mwenyeji, nawe unaitikia "aiwa, aiwa" huku umebaki nyuma. Jifunze kwanza kusema "sijaelewa, tafadhali rudia". Kisha jifunze lile wanalolisema wagonjwa wa hapa wakiumwa: "yawwirni", inaniuma, lenye ع ndani yake baada ya y. Ukiisikia hiyo ع, simama, weka chini ulichoshika, uulize ni wapi.

Mimi sasa mtu akiniita "galbi" bado nafurahi. Lakini kabla ya kutabasamu natazama uso wake na mkono wake, kisha namuuliza: ni mimi, au ni moyo?

Mwezi ujao nitajibu maswali yenu kuhusu zamu za usiku na kulea watoto. Niandikieni. Na kama kuna anayejua njia ya kumfundisha mtoto ng' bila machozi, aseme.