Kisasi nacho ni kuikana imani

NENO LA PWANI
Na Rehema Komora

Jioni ya Jumapili, Juni 15, 2014, watu wengi wa Mpeketoni, Lamu, walikuwa kwenye kumbi za video wakitazama Kombe la Dunia. Wavamizi walipoingia waliwauliza wanaume dini yao, na walioonekana si Waislamu wakapigwa risasi, wengine mbele ya wake zao. Usiku ule na uliofuata waliuawa watu zaidi ya 60. Kundi la Al-Shabaab walijitangaza kuwa ndio waliofanya.

Tangu hapo kuna swali lisilokwisha katika jumuiya zetu, toka Hindi hadi Witu: ukiulizwa, utajibu nini? Baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, wapo Wakristo waliojifunza shahada ya Kiislamu ili waokoe roho zao. Siwezi kumhukumu mtu aliyeelekezewa bunduki. Petro alimkana Bwana wake mara tatu akiota moto, bila bunduki yoyote, na bado akakabidhiwa kondoo. Lakini waliokataa kuikana imani nawaheshimu kwa moyo wangu wote, na naona makanisa yetu yamewasahau upesi mno.

Pwani hii iliwahi kuwa na watu kama hao. Agosti 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliiteka Ngome ya Yesu. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, naye akapelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa Jerónimo. Ubatizo uliotoka kwa watu waliomfanya yatima haukudumu. Alipoasi, aliwataka Wakristo waiache dini yao. Takriban 300 waliuawa, Wareno na Waafrika. Miongoni mwao alikuwamo binamu yake mwenyewe, Dom António wa Malindi. Huyu hakuwa mgeni wa kupanda jahazi arudi kwao. Kwao ni hapa hapa. Kwa kutamka maneno machache tu angebaki jamaa ya sultani. Hakuyatamka.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniumiza zaidi, kwa sababu yalifika kwetu, visiwani Lamu. Juu ya lango la Ngome ya Yesu yapo maandishi ya mwaka 1639 yanayomsifu kapteni wa Wareno, Francisco de Seixas Cabreira, kwa adhabu aliyoipa miji ya Pate na Siyu, hata kuta zikabomolewa. Watu waliojiita Wakristo walichonga kisasi chao kwenye jiwe, kwenye ngome yenye jina la Yesu, wakajivunia. António alikufa bila kumkana Kristo. Cabreira, kwa maoni yangu, alimkana akiwa na upanga mkononi, wala hakulazimishwa na mtu.

Huo ndio mtihani wa Mkristo wa Lamu leo. Bunduki huja usiku mmoja, chuki hukaa miaka. Juni 2023 watu watano waliuawa katika vijiji vya Juhudi na Salama. Kila yakitokea mauaji kama hayo, hutokea wa kutuambia jirani Mbajuni au Msomali ni adui, tusinunue dukani kwake, tumtaje kwa polisi hata kama hatukuona lolote. Ukikataa, unaitwa msaliti wa damu ya ndugu zako. Kutengwa na watu mnaoimba pamoja kwaya kunauma kuliko kuitwa kafiri na mtu usiyemjua. Hata ukisema tu kwamba malalamiko ya Wabajuni kuhusu ardhi ya mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, ulioanza miaka ya 1970, yanastahili kusikilizwa, utaulizwa uko upande gani. Niko upande wa haki, na haki haiwatukani marehemu wetu.

Desemba 2015 basi lilipovamiwa karibu na El Wak, Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Mwislamu huyo aliwakinga watu wa dini yetu, na sisi tunafundishwa kumchukia jirani yetu Mwislamu!

Wachungaji na makatekista wa Mpeketoni, Hindi na Witu, nawaomba: Juni ijayo mkiwakumbuka waliouawa, someni majina yao yote, na majirani Waislamu waalikeni wakae viti vya mbele. Mwanasiasa akiomba kipaza sauti siku hiyo, mnyimeni.